Hauzingi ya difu imepasuka? Jinsi ya kuichomelea na kuiimarisha bila kuipinda

Hauzingi ya difu ya nyuma, yaani lile kasha la chuma linalobeba difu katikati na kufika mpaka kwenye tairi, ikipasuka wengi wanakimbilia mashine ya weldi kabla hawajajua imepasuka kwa nini, alafu baada ya wiki kadhaa inapasuka tena pembeni ya mshono uleule, lawama zinaenda kwa rodi au kwa fundi. Sasa hapa tuiangalie hii kazi mwanzo mpaka mwisho, na nikwambie mapema kabisa kwamba kuchomelea kwenyewe ndo sehemu rahisi. Kila mshono ukipoa unavuta chuma kuelekea upande wake, hilo ndo la kuogopa, manake hauzingi ikipinda hata milimita mbili tatu tu sili zinaanza kuvuja, beringi zinakufa moja baada ya nyingine na tairi zinaliwa upande mmoja.

Mimi hilo nilifundishwa na pikapu yangu mwenyewe. Nilitengeneza trasi, yaani pleti ya chuma ya kuongeza nguvu, juu ya hauzingi, nikapiga mshono kutoka kushoto mpaka kulia bila kupumzika, ulitoka mzuri umepangana kama magamba ya samaki nikajisifu kweli. Kurudisha hafu shafti (vile vyuma viwili vya ndani vinavyozungusha tairi), ya kushoto ikaingia kwa mkono, ya kulia ikagoma. Badala ya kujiuliza kwa nini, nikachukua nyundo. Iliingia ndio, lakini miezi miwili mbele nilikuwa nimebadilisha sili mara mbili na beringi mara moja, na tairi za nyuma zimeisha kwa ndani huku kwa nje bado zina meno.

Ufa unatoka wapi

Uzito wa gari unakalia viti vya springi, tairi ziko nje zaidi na ardhi inazisukuma juu, kwahiyo bomba la hauzingi muda wote linataka kujikunja, miisho iende juu na tumbo, ule uvimbe wa katikati difu inapokaa, lishuke. Upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa, na chuma huwa kinapasuka pale kinapovutwa. Ndo maana nyufa nyingi zinaanzia chini ambako huzioni mpaka uingie uvunguni na tochi.

Na haziji sehemu yoyote tu, zinakuja pale umbo linapobadilika ghafla: ukingoni mwa weldi ya kiti cha springi, pale bomba linapoingia kwenye tumbo la difu, kwenye kona za mdomo wa kava ya nyuma, na kwenye kijibano chochote ambacho mtu alikichomelea ovyo zamani ili ashikilie paipu ya breki. Vitu vinavyoanzisha ni mzigo kupita kiasi, kuruka matuta na mzigo huo, springi zilizolala mpaka ekseli inagonga chasi, na yu-bolti zilizolegea ambazo zinaacha ekseli icheze kwenye springi.

Dalili utaziona kabla ya ufa wenyewe. Sili ya upande mmoja haikai hata ukifunga mpya, beringi ya upande huohuo inarudi kupiga kelele kila baada ya muda mfupi, ukisimama nyuma ya gari unaona tairi zimelalia ndani kwa juu, au kuna mstari wa oili yenye vumbi chini ya bomba ambao ukiufuta unarudi. Huo mstari usiupuuze hata siku moja.

Kwanza uamue kama inatengenezeka

Kuna hauzingi za kuachana nazo. Ufa ukishazunguka zaidi ya theluthi moja ya bomba mimi sigusi, natafuta hauzingi nyingine. Vilevile kama kutu imelila bomba mpaka nyundo ikigonga inaacha shimo, au ufa umeingia kwenye makalio ya beringi za difu, au uko mwishoni kabisa pale beringi ya tairi na sili zinapokaa, hapo ni kubadilisha tu. Ule mwisho umechongwa kwa vipimo vya mashine, ukiupelekea moto unapoteza mbano wa beringi na huwezi kuurudisha kwa mkono. Nikichora mpaka wangu ni kwamba sentimita 6 au 7 kutoka mwisho rodi haifiki.

Gari linalobeba abiria kwa biashara au lori la mizigo mizito usilifanyie kazi hii kienyeji. Na kama kitabu cha gari kinakataza kuchomelea hauzingi, basi kinakataza.

Kuitoa chini ya gari

Utasikia mtu anasema anachomelea ikiwa palepale chini ya gari. Inawezekana, ila unachomelea ukiwa umelala chali, cheche zinakuangukia shingoni, tanki la mafuta liko karibu na kichwa chako, paipu za breki ziko pembeni, na upande wa chini ambao ndo muhimu huuoni vizuri. Itoe. Gari likae kwenye stendi imara, sio jeki peke yake, tenganisha betri, fungua propela shafti, paipu ya breki, kebo ya hendibreki, waya za sensa za ABS kama zipo, alafu yu-bolti. Kabla hujafungua chochote piga alama kwa patasi au rangi inayoonyesha viti vya springi vimekaaje na pua ya difu inaangalia juu kiasi gani, hasa kama una mpango wa kung'oa kiti na kukirudisha, manake ukikosea pembe hiyo gari litatetemeka na misalaba ya propela itaisha haraka.

Kisha mwaga oili na utoe kila kitu ndani, hafu shafti, difu yenyewe, beringi, sili. Usiniambie utaacha beringi ndani kwa sababu zinang'oka kwa shida. Umeme wa weldi ukitafuta njia ya kurudi athi na ukapita kwenye beringi unaacha vidonda vidogo kwenye gololi zake, utaanza kuisikia inalia ukishafunga kila kitu.

Kusafisha, na hapa usiharakishe

Nusu ya nyufa zinazorudi zinarudi kwa sababu ya oili. Oili ya difu imekaa kwenye ufa miaka, moto ukifika inachemka na kutoka kupitia chuma kilichoyeyuka, unabaki na mshono wenye vishimo vishimo kama mkate. Osha ndani na nje kwa dizeli, kisha maji moto na sabuni, kisha acha ikauke kabisa. Ufa wenyewe upashe moto taratibu kwa tochi ya gesi, utaona oili inatokatoka, futa, pasha tena, mpaka isitoke kitu. Kabla ya kuwasha hiyo tochi hakikisha hauzingi iko wazi kila mahali, kava imetoka, miisho iko wazi, kipumulio (kile kitundu cha kutolea presha) kimetolewa. Chombo kilichozibwa chenye mvuke wa oili ukikipelekea moto kinaweza kulipuka.

Na hili ulisome mara mbili: usisafishie ile dawa ya kupuliza ya breki yenye klorini. Mabaki yake yakikutana na moto wa weldi yanatengeneza gesi ya fosijini, ambayo kidogo tu inaweza kuua, na madhara yake kwenye mapafu yanaweza kuja masaa kadhaa baadaye wakati ulishadhani uko salama. Kama kopo halijaandikwa wazi kwamba halina klorini, liweke mbali na karakana siku hiyo.

Baada ya hapo kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, sentimita 3 hivi kila upande wa ufa.

Kutafuta ufa unaishia wapi

Ufa unaouona kwa macho karibu kila mara ni mfupi kuliko ufa wenyewe. Kuna dawa ya rangi nyekundu na poda nyeupe ya kupulizia ambayo inatoa mstari safi kabisa, kama unaipata itumie. Kama huna, njia ya zamani inafanya kazi: paka mafuta ya taa kwenye eneo lote, subiri robo saa, futa mpaka pakauke, alafu pakaa unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda na kuulowesha unga, utaona mstari mweusi mwembamba unajichora wenyewe taratibu mpaka mwisho wake halisi. Mara ya kwanza nilipoifanya ufa niliodhani ni wa sentimita 4 ulijichora mpaka 9. Ukimaliza, hayo mafuta ya taa uyasafishe na kuyakausha kwa moto kama mwanzo.

Pale mstari unapoishia, piga shimo la drili la milimita 3 au 4, mbele kidogo ya ncha, kila upande. Ncha ya ufa ni kali kama wembe na ndo inayopasua mbele, shimo la duara linaiua ile ncha. Ukiruka hatua hii ufa utaendelea kutembea chini ya weldi yako.

Pima kabla ya kuwasha mashine

Kama karakana yenu ina ile shafti nene iliyonyooka yenye pete zinazokaa kwenye makalio ya beringi na miisho ya bomba, umebarikiwa, iingize na uchomelee ikiwa ndani. Wengi hatuna. Mimi natumia flati bar mbili zilizonyooka za sentimita 60, kila moja naifunga kwa bolti kwenye uso wa flenji ya mwisho pale bakpleti ya breki inapokaa, katikati yake ikiwa kwenye kitovu. Zikisimama wima napima umbali kutoka ncha hadi ncha juu na chini, alafu nazigeuza zilale napima mbele na nyuma. Namba nne hizo naziandika kwa chaki ukutani. Juu na chini zikitofautiana zaidi ya milimita 1 au 2, bomba lilishapinda kabla hujaligusa, na ni bora ulijue sasa. Utarudia vipimo hivi kila baada ya hatua.

Na ile nafasi ya difu, funga kasha la difu bovu kama unalo, na kava funga na bolti zake zote, ili mdomo usijikunje. Mdomo ukijikunja hakuna gasketi itakayokuokoa.

Kuchomelea ufa

Chimba ufa kwa grainda utengeneze mfereji wa V wa nyuzi 60 hivi, ushuke karibu mpaka chini kabisa. Kujaza weldi juu ya ufa bila kuchimba ni kuficha tu.

Rodi ni 7018, zile za haidrojeni ndogo, na lazima ziwe kavu. Zinanyonya unyevu hewani, kwahiyo pakiti iliyokaa wazi wiki mbili sio kavu hata kama unaishika na haina maji. Rodi za 6013 za mageti na madirisha waachie mageti na madirisha. Kwa rodi ya milimita 2.5 mimi naanzia ampea 80 mpaka 100, ya 3.2 naenda 110 mpaka 140, umeme wa DC, rodi kwenye chanya. Anayetumia MIG, ile mashine ya weldi ya waya, waya wa ER70S-6 unafaa, ila uwe na mashine yenye nguvu, MIG dhaifu inalaza mshono juu juu unapendeza machoni na haujashika. Klempu ya athi iweke kwenye bomba lenyewe karibu na unapochomelea.

Pasha eneo mpaka nyuzi 100 au 120 za selsiasi. Kama huna kipima joto dondoshea tone la maji, likichemka na kupotea palepale uko sawa, likianza kuteleza na kukimbia kama gololi umezidisha, unakaribia 200. Anza kwenye shimo la drili uje katikati, vipande vifupi vya sentimita 3 hivi, kisha nenda upande mwingine. Kila kipande ukikimaliza ondoa magamba yote ya rodi yanayobaki juu ya mshono, piga brashi ya waya, angalia kama kuna kishimo. Ukikiona kichimbe, usikizibe kwa juu. Kipande kikiwa bado chekundu kidogo kigongegonge na nyundo ya kichwa cha mviringo, sio kwa hasira, inasaidia kulegeza mvuto. Ukimaliza funika eneo na blanketi la moto au mchanga mkavu lipoe taratibu, na maji usimwagie hata kama una haraka ya namna gani.

Pale bomba linapokutana na tumbo

Difu nyingi tumbo ni la kumiminwa na mabomba yamesukumiziwa ndani, yanashikiliwa na weldi za vishimo. Likianza kucheza hapo watu wanalizungushia weldi ya kawaida na asubuhi wanakuta limepasuka pembeni ya mshono, kwa sababu tumbo halikuwa stili. Lipime kwanza: gusa na grainda mahali pasipodhuru, stili inatoa cheche ndefu za njano zenye matawi, kasti, yaani chuma cha kumimina, inatoa cheche fupi nyekundu zilizofifia. Drili pia inasema, stili inatoa nyuzi za kujikunja, kasti ya kijivu inatoa unga.

Likiwa kasti tumia rodi za nikeli na chuma, zenye nikeli kama asilimia 55, zinaelewana na pande zote mbili. Pasha tumbo lote, sio kona moja, lifike nyuzi 250 hadi 300, piga mishono ya sentimita 2 hadi 3 tu, gonga kila mmoja kwa nyundo, ruka upande wa pili wa bomba kama unavyokaza nati za tairi, alafu lifukie kwenye mchanga mkavu wa moto au jivu lilale humo mpaka kesho. Ukisikia mlio wa “tik” wakati linapoa, hiyo ni habari mbaya, kagua upya.

Kuimarisha

Sasa ndo trasi. Wazo ni kuweka chuma mbali na katikati ya bomba, juu au chini, manake kadiri kinavyokaa mbali ndivyo kinavyozuia kupinda zaidi. Pleti ya milimita 5 au 6 kwa pikapu inatosha, nene zaidi ni uzito wa bure. Kabla ya kukata sukuma ekseli juu kwa jeki mpaka inapogota, uone nafasi iliyobaki na sakafu, tanki na egzosi, nimeona trasi nzuri kabisa imetoboa tanki kwenye tuta la kwanza.

Miisho ya pleti usiikate wima. Ukikata wima na kuchomelea kukatisha bomba, umetengeneza mahali papya pa kupasuka, palepale pleti inapoishia. Kata miisho kama mdomo wa samaki, ipungue taratibu, na ile ncha ya mwisho kabisa usiizungushie weldi kuikatisha. Kwenye viti vya springi weka vipande vidogo vya pembetatu kati ya kiti na bomba, na uache njia ya kipumulio na paipu za breki.

Shika kila kitu kwanza kwa nukta za sentimita 1 pande zote, pima zile namba nne. Kisha vipande vya sentimita 3 hadi 4, kimoja kushoto mbele, kinachofuata kulia nyuma, kingine kushoto nyuma, subiri joto lishuke ndo uendelee. Mshono usioungana ukiachana hatua sawasawa unatosha kwa trasi, huhitaji mstari mzima. Kazi ya masaa matatu itachukua siku nzima, iache ichukue.

Kumbuka trasi ya juu ikipoa inavuta miisho ya bomba kwenda juu, yaani inaongeza kosa lilelile ambalo mzigo ulishalifanya. Ukiona namba ya juu imepungua kuliko ya chini, dawa iko: lala mshono mmoja mfupi upande wa chini wa bomba, kwenye tumbo la mkunjo, uache upoe, utavuta miisho irudi chini. Pima, rudia ikibidi. Inarekebisha milimita mbili tatu, zaidi ya hapo ni kazi ya presi.

Kufunga na kujaribu

Kwangua vitone vya weldi ndani ya bomba, osha, pitisha sumaku mpaka isirudi na kitu, chembe moja ya chuma kwenye meno ya difu ni gharama ya difu nzima. Jaribu uvujaji: ziba miisho, weka hewa kidogo sana, 0.2 hadi 0.3 ya bar inatosha, usizidishe, paka maji ya sabuni kwenye mishono uone mapovu.

Hafu shafti ziingie kwa mkono. Ikigoma rudi kwenye vipimo, mimi nyundo nilishaiweka mbali. Sili mpya, gasketi mpya, yu-bolti mpya, kipumulio kizibuliwe, manake kikiziba presha inasukuma oili kwenye sili na utadhani weldi ndo inavuja. Oili ile inayotakiwa na gari lako, difu nyingi ni 80W-90 ya daraja la GL-5, mpaka ifike kwenye shimo la kujazia gari likiwa sawasawa chini. Toa hewa kwenye breki. Baada ya kilomita 100 kaza yu-bolti tena, kwenye 500 mwaga oili uangalie kilichonata kwenye sumaku ya bolti ya chini.

Na rangi ya mwisho usipake nyeusi. Paka kijivu cheupe au fedha, hasa upande wa chini, manake ufa mpya kwenye rangi nyeupe unaonekana kama uzi wa kahawia ukiwa bado na sentimita moja tu, na unauona hata unapobadilisha tairi.